Mtu Mfupi wa Geti la Bluu

Aliyetupa gazeti kwa hasira wiki jana, aliokote. Mpishi wetu Sijaona bado amesimama palepale tulipomwacha, mbele ya meza ya Sefu Sylvère, mkono mmoja kiunoni, ameambiwa kwamba mtoto aliyemwona kwa macho yake mawili hayupo.

"Haiko," Sefu Sylvère alirudia, akigonga karatasi kwa kalamu. "Unasoma mwenyewe, mama, ama nikusomee?"

"Nisomee, sefu. Haya macho yangu yameona mengi, yamechoka."

Mezani palikuwa na nakala ya kaye ya nyumba. Kila kaya mjini Bujumbura lazima iwe na daftari hilo, majina ya wote wanaolala humo, na kashe, muhuri wa sefu wa kartiye, mkuu wa mtaa, chini yake. Hii ilikuwa ya nyumba ya geti la bluu, kartiye Mipapai, kule Kinindo inapoishia na harufu ya ziwa kuanza.

"Watu wane," Sylvère alisoma. "Moja, Madame Prudence. Mbili, bwana yake, iko Ulaya kwa mafunzo."

"Mafunzo ya miaka sita. Atarudi anajua yote."

"Tatu, mupishi. Ine, zamu wa geti. Basi."

"Na hicho kilichoandikwa pembeni kwa penseli?"

Sefu alisogeza miwani. "Iyo ni imbwa. Anaitwa Simba."

Sijaona aliinama kuitazama ile penseli. Mbwa ana makazi. Mbwa anajulikana serikalini. Bella, miaka tisa, hana hata penseli.

"Sikiliza vizuri, mama," Sylvère alisema kwa upole wa mtu anayetaka kwenda kula. "Mutu akikosa mu kaye, haiko mu nyumba. Kama haiko mu nyumba, hakuna mwenye kupigwa. Kama hakuna mwenye kupigwa, hakuna mwenye kupiga. Umeona? Dosiye imejifunga yenyewe. Mi sikuigusa."

"Na ile alama ya pasi, sefu, imekaa mu mugongo wa nani?"

"Iyo ni ya kuuliza dokta."

"Dokta alisema niulize polisi. Polisi akasema gari haina mazutu, haiwezi kuwaka. Ofisi ya watoto ikanituma kwako."

"Ah! Basi umefika."

Kwa msomaji aliyedandia safari njiani: Sijaona ni mpishi wa harusi, mjane wa Buyenzi, mwanamke anayeweza kupima chumvi ya sufuria ya watu mia tatu kwa kunusa tu. Majuma matatu nyuma aliitwa kupika pilau kwa Madame Prudence, mwenyekiti wa shirika la Mutoto Acheke. Alipokwenda uani kutafuta maji, akamkuta Bella anafua, shati limeteleza begani. Chini ya bega kulikuwa na pembetatu ya ngozi iliyoungua, ndani yake vitundu vidogo vimejipanga safu kwa safu. Ilikuwa kashe pekee aliyopigiwa mtoto huyo katika nyumba ile.

Kilichomuuma Sijaona si hasira peke yake. Miaka miwili iliyopita, mama yake Bella, Christa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipofariki, ni Sijaona huyuhuyu aliyemshika mtoto mkono akampeleka kwa Madame. "Nenda mwanangu, yule mama anapenda watoto, hata redioni anasema." Alimkabidhi kwa mikono yake. Tangu aione ile pembetatu, pilau zake zote zimetoka na chumvi nyingi, na maharusi wawili wamelalamika.

"Kama kuna makosa," Sylvère aliendelea, "ni ya sefu aliyenitangulia. Alikuwa wa chama kile ingine. Wale watu waliacha biro, ofisi nzima, bila hata kiti!"

"Aliondoka mwaka gani?"

"Inaenda miaka tisa."

Sijaona alikitazama kile kiti kinachozunguka, chenye mto. "Na kiti, hamdulilahi, kimepatikana."

"Na kabla yake ni Wabelgiji," Sylvère akamalizia haraka. "Wao ndio waliharibu kila kitu. Halafu wamebadilisha mipaka ya komine, karatasi ingine ziko huku, ingine ziko kule. Mi nifanye nini?"

Nyuma yake ukutani ilitundikwa fulana mpya nyeupe, imenyooshwa kwa mikunjo inayoweza kukata nyama. Kifuani iliandikwa MUTOTO ACHEKE.

"Jumamosi ni sikukuu ya mutoto," alisema, akifuata macho ya Sijaona. "Muheshimiwa mwenyewe, mukubwa wa chama chetu, anakuja. Mama, nakuomba kama mama yangu: usituletee maneno ya watoto mu siku ya mutoto."

*

Nje, Massoudi alikuwa akimngoja. Massoudi ni fundi wa magari, kamwoa binti wa Sijaona, na ni mkwe mwenye adabu za zamani: hazungumzi na mama mkwe akimtazama usoni. Habari zote za familia huziambia tairi.

"Mama," aliiambia tairi ya gari la jirani. "Niko na habari mubaya."

"Iseme. Tairi inasikia."

"Madame Prudence ameniletea gari yake leo. Nikague breki, nikague maji, safari ni ya mbali. Nikauliza zamu wake, anaenda wapi? Akasema, ng'ambo ya mupaka, kwa dada ya Madame. Nikamuliza, na muzigo ni mingi?" Massoudi alikohoa. "Akanijibu, muzigo ni mumoja. Ni mutoto."

"Lini?"

"Jumamosi. Sherehe ikiisha, anapakiwa."

Ilikuwa Alhamisi. Sijaona alihesabu kwa vidole, ingawa siku zenyewe hazikujaza hata kiganja. Mtoto asiyekuwepo akivuka mpaka, nani atamtafuta? Utaandika nini kwenye tangazo? Amepotea mtu ambaye hakuwepo?

"Breki umezikaguaje?" aliuliza.

"Ziko nzuri, mama."

"Mwanaume gani wewe. Hata kuharibu breki huwezi."

"Mama! Mutoto atakuwa ndani!"

"Kweli. Astaghfirullah." Akamwombea dua mkwe wake kimoyomoyo, kisha akamtukana kidogo, kisha wakaenda nyumbani kwa miguu.

*

Alfajiri ya Ijumaa, watu wa Buyenzi wakitoka kuswali, mtaa mzima ulikuwa umezungukwa na polisi. Msako wa kaye. Kila nyumba itoe daftari, watu wajipange ukutani, majina yasomwe, vichwa vihesabiwe.

Mgeni wa jirani, mzee wa Uvira aliyekuja kula ubwabwa wa harusi, alikutwa hajaandikwa. Polisi wanane walimbeba kumweka nyuma ya pikapu, bado ana mswaki mdomoni.

Sijaona aliitazama ile pikapu. Akaitazama tena.

"Massoudi. Iyo gari si ndiyo ile wanasemaka haina mazutu?"

"Ni ile ile, mama," Massoudi, aliyekaa nyumba ya pili, aliuambia ukuta. "Mi ndiye nilifunga ile taa yake ya nyuma. Kwa waya."

"Leo imekunywa nini?"

Polisi kijana alikuwa amefika kwake na kufungua kaye yake. "Sijaona, ndiyo wewe? Vizuri. Mwingine ni Bella. Bella iko wapi?"

Moyo wa Sijaona uliruka mfereji. Siku ya matanga ya Christa sefu wa Buyenzi alimwandikia mtoto katika kaye yake, na alipompeleka kwa Madame alipaswa kurudi wamfute. Hakurudi. Msomaji anaijua ile foleni ya kufuta jina. Wengi wamekwenda humo wakiwa na meno yao yote.

"Amesafiri," alisema.

"Amesafiri, halafu jina inabaki? Mama, chagua. Unaondoa jina, ama unarudisha mutu. Mi napenda watu wawe sawa na majina."

"Rudia hapo, mwanangu."

"Nimesema, rudisha mutu!"

"Ndiyo, afande," alisema Sijaona, taratibu sana. "Serikali imesema, mi nani nikatae?"

Aliichukua kaye yake, akaifunga kwenye kitenge, kiunoni, upande wa tumbo. Massoudi alisahau adabu na kumtazama usoni. Mara ya mwisho kuuona uso ule kwa mama mkwe wake, mshenga mmoja alikuwa amekosea hesabu ya mbuzi.

*

Afande Aloys alikuwa kituoni anakunywa chai. Alipomwona Sijaona, aliweka kikombe chini kama mtu anayeona mvua na nguo ziko nje.

"Mama, tena? Nilikwambia ile maneno ya mutoto, gari haina..."

"Mutoto gani?" alisema Sijaona. "Wacha watoto, afande. Mi nimekuja na siri." Akafunga mlango. Akafunga dirisha. Akalifungua tena, maana joto lilikuwa kali, lakini akashusha sauti. "Kuna nyumba inaficha mutu."

Aloys alinyanyua nyusi.

"Haiko mu kaye," Sijaona alinong'ona. "Miaka mbili. Nyumba kubwa. Kartiye Mipapai, geti la bluu."

"Mutu wa namna gani?"

"Mufupi."

"Mufupi?" Aloys alichukua kalamu. "Anatoka inje?"

"Apana. Analala mu stoo ya nyuma. Mutu akipita, anajificha. Akiona polisi ataogopa sana, wallahi."

"Iko na silaha?"

"Nimesikia hapo ndani kuna kitu cha chuma, cha moto. Kimeshaumiza mutu."

Hapakuwa na neno la uongo hata moja. Sijaona alikuwa amelichambua kila moja njiani kama mchele.

Afande Aloys alisimama, kiti kikaanguka. Kumbuka, msomaji, dosiye ya Bella ilikuwa mezani kwake siku kumi na nane, na hakuwahi kuifungua, kwa hiyo hakujua kwamba geti ni lile lile. Uvivu wa ofisi, mara moja moja, ni rehema ya Mungu.

"Operesheni!" alipaza sauti.

Mazutu yalipatikana. Pikapu ilinguruma kabla hajamaliza kufunga mkanda. Waliruka nyuma polisi kumi, mmoja na chai yake. Na kwa kuwa sheria inataka sefu wa kartiye awepo, walimpitia Sefu Sylvère njiani akitoka kunyolewa, wakamvuta ndani, povu bado sikioni.

"Tunaenda wapi?" aliuliza.

"Ni siri," alisema Aloys.

Sijaona alikuwa amekaa mbele, katikati, kama bibi harusi. Aligeuka, akatabasamu. "Sefu. Leo umependeza."

*

Geti la bluu halikugongwa. Lilisukumwa, na zamu akasukumwa nalo. Simba, mbwa halali wa nyumba hiyo, alibweka mara moja, akahesabu polisi, akaingia chini ya gari.

Hapo ndipo Sylvère alipotambua nyumba. Alitaka kurudi garini, lakini garini palishafungwa.

Uani palikuwa na maandalizi ya sherehe. Viti mia mbili vya plastiki. Kreti za Fanta. Kitambaa kirefu chenye maandishi: KILA MUTOTO ANAHESABIWA. Barazani, juu ya meza ndefu, fulana nyeupe zilipangwa bunda kwa bunda, na kando yake pasi ya umeme, ya mvuke, aliyoituma bwana kutoka Ulaya, ilikuwa ikipumua.

Madame Prudence alitokea na kopo la marashi mkononi. "Afande? Mmeleta ulinzi wa Muheshimiwa? Ni kesho, sha!"

"Tuko na habari ya mutu aliyefichwa, Madame. Usisogee." Aloys alikuwa amekwisha piga magoti nyuma ya kreti ya Fanta. "We, mu stoo! Toka! Mikono juu!"

Polisi kumi waliielekezea bunduki stoo.

Mlango wa stoo ulifunguka kidogo kidogo.

Ikatoka mikono miwili kwanza, juu, imekunjamana kwa sabuni. Kisha fulana ya mtu mzima iliyofika magotini, imeandikwa MUTOTO ACHEKE. Kisha uso wa Bella.

Hakulia. Aliinyoosha mikono juu kabisa, vizuri, kama mtoto aliyezoea kutii upesi.

Polisi mwenye chai aliiweka chini. Mmoja mmoja bunduki zikainama, na wengine wakaanza kutazama viatu vyao. Sijaona, ambaye alikuwa amefurahi njia nzima kwa werevu wake, alijisogeza mbele ya bunduki zile. Yeye ndiye aliyeleta bunduki hizi.

"Shusha mikono, mwanangu," alisema. Bella hakushusha. Alimtazama Madame kwanza.

"Uyu ndiye mutu mufupi?" Aloys aliuliza, sauti imepungua.

"Umempima mwenyewe, afande. Ni mufupi ama si mufupi?"

*

Madame Prudence hakuwa mwenyekiti bure. Alicheka.

"Uyu? Yemwe! Ni mutoto ninasaidia. Nilisahau tu kumuandika. Sefu, si tulizungumza? Kaye ya nyumba ni hii, muandike sasa hivi. Ni jina moja, tumalize, watu wanywe Fanta."

Sylvère alikuwa tayari ametoa kalamu. Hata kashe alikuwa nayo mfukoni. Hatembei bila hiyo, hata kwa kinyozi huenda nayo.

"Lakini jana sefu alisema haiko!" Sijaona alidakia.

"Ni makosa ya sefu aliyenitangulia," alisema Sylvère, akiandika B.

"Ni makosa ya zoni," alisema Aloys, "zoni ndiyo inakagua."

"Ni watu wa chama kile ingine wanatuchafua kabla ya sherehe," alisema Madame Prudence.

Wabelgiji hawakutajwa, lakini ni kwa sababu ya haraka tu.

Sefu aliandika E. Sijaona aliona mtego, na aliona kwamba ameutega mwenyewe. Jina likiisha na kashe ikianguka, Bella atakuwa mtu wa nyumba hiyo kwa sheria. Kesho jioni atavuka mpaka na karatasi safi, na hakuna atakayeuliza.

Sylvère aliandika L.

"Simamisha kalamu!"

Sijaona alikuwa ameinua kitenge, polisi wawili wakageuka kwa heshima, na akachomoa daftari lenye madoa ya mafuta ya kupikia. "Afande Aloys. Wewe ni mutu wa sheria. Mutu anaweza kuwa mu kaye mbili?"

"Apana!" Hilo Aloys alilijua. Katika mafunzo yake yote, hilo ndilo lililobaki. "Mutu anaandikwa mara moja. Akihama, anafutwa kwanza."

"Basi soma."

Aloys alisoma, midomo ikitembea. "Buyenzi... Sijaona... na Bella. Kashe iko. Haikufutwa." Alifunga daftari kwa kishindo. "Sefu, weka kalamu! Uyu mutoto ni wa Buyenzi. Kwa sheria anarudi Buyenzi, sasa hivi."

Kidole kwa kidole, mikono ya Bella ilishuka. Akapiga hatua moja. Sijaona akafungua mikono yake.

Ndipo simu ya Sylvère ikalia.

Mtaa wa matajiri hauna majirani, ila una simu. Sefu alisimama wima, povu sikioni. "Ego, ndiyo, Muheshimiwa... Apana, Muheshimiwa... Mutoto, ego... Ameungua, ego... Kesho saa ine, ego." Alifunika simu kwa kiganja. Jasho lilimtoka. "Amesikia. Anasema kesho atasimama mbele ya watu, hawezi kusimama na jambo ambalo halina mwenye makosa. Anataka mwenye makosa kabla ya kesho saa ine. Na asiwe wa kwetu."

Watu wote wazima waliokuwa uani walianza kutazamana. Madame Prudence peke yake aliketi, akaweka mguu juu ya mguu.

"Lakini mwenye makosa si mumeshamupata?" alisema. "Afande, nisomee tena. Kwa kaye, uyu mutoto amelala wapi hii miaka mbili yote?"

"Buyenzi."

"Kwangu haiko?"

"Kwako haiko. Sefu alisema jana, na kaye inasema."

"Na iko kwa nani, kule Buyenzi?"

Aloys aliangalia daftari. Akamwangalia Sijaona. "Kwa... uyu mama."

"Na huo mugongo umeungua lini?"

"Mu hii miaka mbili."

"Basi." Madame alijipulizia marashi shingoni. "Mwenye kuwa na mutoto ndiye mwenye kumuchoma. Karatasi ni yake, ameileta mwenyewe, imefungwa tumboni kama mimba."

Msomaji, Sijaona amejibizana na maimamu, na wapishi wa Tanganyika, na marehemu mume wake. Hakuna kati yao aliyewahi kumfunga kwa karatasi yake mwenyewe.

Sylvère alikuwa amerudi kwenye simu. "Amepatikana, Muheshimiwa... Mwanamuke... Wa chama gani? Ninauliza." Akageuka. "Mama, uko wa chama gani?"

"Cha wapishi wa harusi."

"Anasema cha wapishi, Muheshimiwa... Ego... Ego, inaweza kuwa ndiyo jina wanatumia sasa." Alifunga simu, uso umeng'aa kama wa mtu aliyepona homa. "Afande. Mufunge."

Aloys alitoa pingu. Hakuwa na haraka nazo, hilo tumwandikie. Aliufunga mkono wa kwanza wa Sijaona, mkono wenye kovu la sufuria, akasema chini chini, "Nisamehe, mama, ni kazi."

"Najua, mwanangu. Makosa ni ya afande aliyekutangulia."

Alikuwa anautafuta mkono wa pili aliposikika mtu akisema. Sauti ilikuwa ndogo mpaka kila mmoja alidhani ni mwenzake.

"Pasi ya bibi Sijaona haina matundu."

Ni Bella. Alisimama nusu ya njia, kati ya stoo na Sijaona.

"Nini?" alisema Aloys.

"Ya bibi ni ya makaa. Iko laini chini, haina kitu. Mama yangu aliazimaka. Ya hapa iko na matundu makumi mbili na tatu. Minayapangusaka kila siku na kijiti. Ine mbele, halafu sita, halafu saba, halafu sita tena."

"Mutoto mwongo!" alisema Madame Prudence, mguu umeshuka chini.

Fulana ilikuwa pana, na ukosi wake ulimteleza Bella shingoni. Ncha ya pembetatu ilichungulia pale. Aloys aliacha pingu ikining'inia kwenye mkono mmoja wa Sijaona. Aliinama. Hakumgusa mtoto. Alinyoosha kidole hewani na kuanza kuhesabu, pole pole, kama alivyosoma, kwa midomo.

"Moja... mbili... tatu... ine."

Akageuza kichwa kuelekea barazani. Polisi kumi wakageuka naye, na sefu, na zamu, na hata Simba chini ya gari. Pasi ya mvuke ilikuwa imesimama kwa kisigino chake juu ya meza, kati ya fulana za sikukuu ya mtoto, inapumua.

Na Madame Prudence, ambaye hajawahi kunyoosha hata leso tangu aolewe, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia kuificha.